Damu iliyoganda kwenye mapafu ikiangusha presha: matibabu yake, na "dawa ya kuyeyusha damu" ambazo kwa kweli ni aina tatu

#1. Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mimi ni tabibu wa idara ya dharura, na kazi hii nimeifanya kwa miaka kumi na mmoja. Naandika uzi huu kwa sababu ya maneno matatu ambayo nimeyasikia mara nyingi mno kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi, na ambayo naamini yanagharimu uhai wa watu: "kuyeyusha damu, tayari". Mgonjwa anakata roho, nasi tunaambiwa kwamba dawa ya kuyeyusha damu anayo tayari.

Usiku mmoja aliletwa dereva wa lori mwenye umri wa miaka 38. Wiki tano kabla alikuwa amevunjika mfupa wa muundi, akafungwa hogo kutoka unyayoni hadi juu ya goti, akawa anashinda nyumbani mguu ukiwa juu ya stuli. Jioni ile aliinuka kwenda msalani, akapiga hatua tatu, akaanguka na kupoteza fahamu kwa dakika chache. Alipofika kwetu alikuwa amezinduka, lakini hakuweza kumaliza sentensi moja bila kusimama katikati avute pumzi. Presha yake ilikuwa 74/42, mapigo ya moyo 136 kwa dakika, oksijeni asilimia 82. Mishipa ya shingo ilikuwa imetuna, kucha na midomo imeanza kubadilika rangi, na jambo lililotushtua zaidi ni kwamba mapafu yake, tulipoyasikiliza, yalikuwa safi pande zote mbili. Mtu mzima anakosa hewa kiasi kile, ilhali kifuani hakuna maji, hakuna mkoromo, hakuna mluzi wa pumu. Kaka yake akatoa kibahasha mfukoni, akasema: "Daktari, dawa ya kuyeyusha damu anameza tangu siku aliyovunjika." Ndani ya kibahasha mlikuwa na aspirini ndogo.

Kabla sijaeleza tulichofanya, ni lazima nieleze kinachotokea mwilini, kwa sababu matibabu yote yanatoka hapo.

Damu inayoziba mapafu kwa kawaida haigandi mapafuni. Huganda kwenye mishipa ya vena iliyo ndani ya miguu au nyonga, kisha donge likachomoka, likapanda na mkondo wa damu hadi upande wa kulia wa moyo, na kutoka hapo likasukumwa kwenye ateri ya mapafu, ambako mishipa inazidi kuwa myembamba na donge linakwama. Jambo hili lilielezwa na Mjerumani Rudolf Virchow katikati ya karne ya 19, na maandishi yake ya mwaka 1856 ndiyo yanayonasibishwa na sababu tatu ambazo hadi leo mwanafunzi wa udaktari huzikariri: damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Dereva wetu alikuwa na mbili za kwanza ndani ya hogo moja, na hogo hilohilo lilificha uvimbe wa mguu ambao ungewashtua nduguze mapema.

Upande wa kulia wa moyo umeumbwa kwa kazi nyepesi. Unasukuma damu kwenda mapafuni tu, mahali palipo jirani na penye upinzani mdogo, hivyo ukuta wake ni mwembamba ukilinganishwa na ule wa kushoto. Njia ikizibwa ghafla, chumba hicho cha kulia kinatanuka kama mfuko uliojazwa kupita kiasi, kinausukuma ukuta wa katikati kuelekea kushoto, na upande wa kushoto unakosa nafasi ya kujaa. Kisichojaa hakina cha kusukuma, basi presha inashuka. Presha ikishuka, misuli ya upande wa kulia nayo inapungukiwa na damu ya kuilisha, inachoka zaidi, na presha inashuka tena. Mgonjwa anayekufa kwa ugonjwa huu hufa ndani ya duara hilo, mara nyingi katika saa za mwanzo.

Ndiyo maana ukali wa ugonjwa haupimwi kwa ukubwa wa donge kwenye picha. Tunaangalia moyo unavyolivumilia. Mgonjwa ambaye namba ya juu ya presha yake imeshuka chini ya 90 kwa dakika 15 au zaidi, au imeanguka kwa 40 kutoka kawaida yake, au anahitaji dawa ya kuishikilia, au moyo umewahi kusimama, huyo yuko katika hatari kubwa. Ambaye presha yake imesimama vizuri lakini eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) inaonyesha upande wa kulia umetanuka, au kipimo cha troponini (protini inayotoka misuli ya moyo ikiumia) katika damu kimepanda, yuko katika hatari ya kati. Wengi wa waliobaki wako katika hatari ndogo, na baadhi yao hutibiwa wakiwa nyumbani kwao.

Sasa nirudi kwenye yale maneno. Katika Kiswahili chetu cha kila siku, tumeweka dawa za aina tatu ndani ya jina moja. Aspirini inazuia chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoanzisha kuganda) zisishikane, na kwa donge lililokwisha kukwama mapafuni si tiba ya kutegemewa. Heparini, enoksaparini, wafarini, rivaroksabani na apiksabani ni dawa za kuzuia damu isiendelee kuganda. Haziyeyushi kitu: zinalizuia donge lisikue na lisizae mengine, huku mwili wenyewe ukilimega kidogo kidogo kwa siku na wiki. Kisha kuna alteplasi, tenekteplasi na streptokinasi, ambazo ndizo pekee zinazostahili kuitwa za kuyeyusha, kwa sababu zinaamsha kimeng'enya kinachokata nyuzi zilizolishikilia donge, na kazi hiyo inaanza kuonekana ndani ya dakika na saa. Mgonjwa mwenye presha ya 74 hana wiki za kusubiri mwili wake.

Tulichofanya kilikwenda hivi. Oksijeni ilitangulia. Dripu ya maji tuliipunguza mno, na hapa nataka wenzangu wa vituoni wanisikilize vizuri, kwa sababu presha ikishuka mkono wa kila mmoja wetu hukimbilia kufungua maji. Katika ugonjwa huu chumba cha kulia kimeshajaa kupita kiasi, na lita mbili za maji zinaweza kukimalizia. Mililita 500 au pungufu ndizo zinazoruhusiwa, tena kwa uangalifu. Kilichoishikilia presha kilikuwa noradrenalini, dawa ya dripu inayobana mishipa ya damu. Vilevile tulikwepa kumlaza kwa dawa ya usingizi ili awekewe mashine ya kupumulia, kwa kuwa dawa hiyo pamoja na msukumo wa mashine vinaweza kuusimamisha moyo ulio katika hali kama ile. Heparini ilichomwa kwenye mshipa mara tu tuliposhuku, bila kungoja picha.

Mashine ya CT, ya kupiga picha za ndani ya mapafu, ilikuwa jengo la pili, na kumpeleka mtu mwenye presha ile kwenye korido ndefu ni kumcheza shere. Daktari mwenzangu alileta mashine ya eko hadi kitandani. Nilikiona chumba cha kulia kikiwa kikubwa kuliko cha kushoto, kinapiga kwa taabu, na ule wa kushoto umebanwa. Kwa mgonjwa mwenye hali ile na historia ile, hilo linatosha kuamua.

Tukauliza maswali ambayo ni lazima yaulizwe hata kama mkono unatetemeka kwa haraka: Je, amewahi kuvuja damu kwenye ubongo? Amepata kiharusi karibuni? Alipoanguka jioni ile aligonga kichwa? Amefanyiwa upasuaji mkubwa ndani ya wiki tatu? Anatapika damu, au choo chake ni cheusi? Kaka yake alikuwepo alipoanguka, akatuambia alimdaka mabegani na kichwa hakikugusa sakafu. Majibu yote yalikuwa hapana.

Alteplasi ya miligramu 100 ni chupa mbili za unga. Unaweka maji yake, kisha unaizungusha chupa taratibu baina ya viganja bila kuitikisa, kwa sababu ukiitikisa inafanya povu. Muuguzi aliyekuwa akiizungusha alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, na nadhani sote chumbani tulikuwa tukihesabu naye. Miligramu 10 zikaingia kwanza, 90 zilizobaki zikapita kwenye pampu kwa saa mbili. Dakika ya arobaini presha ilisoma 98. Kabla ya saa mbili kwisha, yule kaka alikuwa wa kwanza kuona kwamba kucha za ndugu yake zimerudi rangi yake. Fizi zilivuja damu kidogo hadi asubuhi, na mahali pote tulipokuwa tumemchoma sindano palivilia damu. Hilo tulilitarajia.

#2. Mchangiaji

Daktari, asante kwa uzi. Nina swali ambalo limekaa moyoni mwangu kwa miaka miwili. Shangazi yangu, mwenye miaka 71, alilazwa akiwa na shida hiyohiyo. CT ilionyesha mabonge pande zote mbili za mapafu, tena tukaambiwa ni makubwa. Presha yake ilikuwa 128/80. Alichomwa sindano za tumboni, baadaye akapewa vidonge. Alipona, tunamshukuru Mungu, lakini leo ninaposoma kwamba kuna dawa ya kuyeyusha kweli, najiuliza kwa nini yeye hakupewa. Je, tulionekana hatuna uwezo wa kulipa?

#3. Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, nashukuru umeuliza waziwazi. Kwa maelezo uliyotoa, shangazi yako alipewa tiba iliyo sahihi.

Dawa ya kuyeyusha haichagui donge. Ikiingia mwilini inayeyusha pia kigaga kidogo kinachoziba kamshipa dhaifu ndani ya ubongo, na umri mkubwa unaongeza hatari hiyo. Swali lako lilichunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, unaojulikana kwa kifupi cha PEITHO, uliohusisha wagonjwa 1,005 wa hatari ya kati, yaani wale wenye presha nzuri lakini moyo wa kulia umeelemewa. Nusu walipewa tenekteplasi pamoja na heparini, nusu wakapewa heparini peke yake. Waliokufa au kuanguka presha ndani ya siku saba walikuwa asilimia 2.6 kwa waliopewa dawa ya kuyeyusha, na asilimia 5.6 kwa wenzao. Ukisoma hapo tu utasema kila mtu apewe. Lakini kiharusi, ambacho kwa wengi kilikuwa cha kuvuja damu, kiliwapata asilimia 2.4 ya waliopewa, dhidi ya asilimia 0.2 ya wasiopewa, na idadi ya vifo vyenyewe haikutofautiana kwa kiasi cha kuaminika. Kwa hiyo mgonjwa wa hatari ya kati hupewa dawa ya kuzuia kuganda, analazwa mahali ambapo presha yake inaangaliwa kila mara, na dawa ya kuyeyusha inakaa karibu iwapo ataanza kuanguka. Kwa mgonjwa ambaye presha imeshaanguka, mizani inageuka, kwa sababu asipopewa, uwezekano wa kumpoteza ni mkubwa kuliko hatari ya kuvuja damu.

Wala usizidharau zile sindano za tumboni. Mwaka 1960, madaktari wawili wa Bristol, Uingereza, Barritt na Jordan, walichapisha matokeo ya wagonjwa 35 waliogawanywa kwa kura. Katika 19 ambao hawakupewa dawa ya kuzuia kuganda, 5 walikufa kwa donge la mapafu na wengine 5 walipatwa tena na donge wakanusurika. Katika 16 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa donge. Walisitisha kuwagawa wagonjwa, kwa sababu kuendelea kumnyima mtu dawa ile kungekuwa dhambi. Dawa isiyoyeyusha kitu iliokoa watu kwa kuzuia donge la pili tu, na donge la pili ndilo linaloua wengi waliosalimika na la kwanza.

#4. Mchangiaji (mfamasia)

Naomba kuongeza jambo kwa upande wa dawa, kwa kuwa wengi watakaosoma hapa wako mahali ambapo alteplasi haipatikani au bei yake ni kilio.

Streptokinasi ni ya zamani zaidi, hutokana na bakteria aina ya streptokoki, na kwa kawaida ni nafuu. Kwa donge kali la mapafu inaweza kutolewa uniti 1,500,000 kwa saa mbili. Ina kasoro zake: inaweza kushusha presha inapoingia na inaweza kuleta mzio, na kwa kuwa mwili hutengeneza kinga dhidi yake, aliyewahi kuipata hapewi tena kirahisi. Pia heparini ya kwenye pampu husimamishwa wakati streptokinasi inapita, tofauti na alteplasi, ambayo heparini inaweza kuendelea nayo. Watu husahau jambo hilo wakati wa pilikapilika.

Kuna utafiti mdogo sana wa Mexico wa mwaka 1995 ambao mwalimu wangu aliutaja darasani na sijausahau. Wagonjwa walikuwa 8 tu, wote wakiwa na donge kali lililoangusha presha. Wanne walipewa streptokinasi pamoja na heparini, wakaishi wote. Wanne walipewa heparini peke yake, wakafa wote. Utafiti ukakomea hapo. Najua watu wanane si ushahidi wa kutosha kwa mwanasayansi, lakini inaeleza kwa nini hakuna aliyethubutu kuurudia.

#5. Mwanzisha uzi

Mfamasia, umenisaidia sana. Nakazia moja tu: kabla na baada ya dawa hizi, mgonjwa asichomwe sindano yoyote ya msuli. Nimeona paja limejaa damu hadi mgonjwa akaongezewa chupa tatu, kwa sababu saa chache kabla alikuwa amechomwa diklofenaki ya kutuliza maumivu ya kifua mahali alikopitia kwanza.

#6. Mchangiaji

Nimesoma nikilia. Dada yangu alijifungua kwa upasuaji, siku ya sita akaanza kusema anaishiwa pumzi. Wakubwa nyumbani walisema ni uchovu wa uzazi na kwamba damu haijarudi. Tulimpikia mtori na supu. Siku ya nane alianguka bafuni na hakuamka tena. Hatukuwahi kuambiwa kwa uhakika ni nini. Je, ingeweza kuwa hii?

#7. Mwanzisha uzi

Dada yangu, pole sana, na Mungu awape nguvu wewe na mama. Siwezi kusema kwa uhakika kilichomchukua dada yako bila uchunguzi, na sitaki kukuongezea mzigo kwa kubahatisha. Ninachoweza kusema ni kwamba wiki sita baada ya kujifungua ndizo zenye hatari kubwa kuliko kipindi chote cha ujauzito, na upasuaji unaiongeza. Wakubwa wenu walifanya walichokijua, kwa upendo.

Nitoe mfano ulio wazi kwa dunia nzima. Serena Williams, mchezaji wa tenisi, aliwahi kupata mabonge ya damu mapafuni mwaka 2011. Septemba 2017 alijifungua mtoto wa kike kwa upasuaji wa dharura, na siku iliyofuata akaanza kukosa pumzi. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba alimwambia muuguzi anahitaji CT na heparini ya mshipani, na muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Walianza kwa altrasaundi ya miguu, wasione kitu. Alishikilia neno lake hadi CT ikafanyika, na mabonge yakaonekana mapafuni. Hapo akapewa heparini. Kikohozi kilifumua mshono wa upasuaji, damu ikavilia tumboni, na akarudishwa chumba cha upasuaji. Huyu ni mtu mwenye fedha, jina, na historia ya ugonjwa huohuo kwenye faili lake, na bado ilibidi abishane. Mzazi wetu aliyeko wodini na asiyejua jina la ugonjwa atabishana vipi? Ni sisi tunaomhudumia tunaopaswa kuushuku. Mzazi akisema "siwezi kupumua", asijibiwe kwa neno "uchovu" kabla hajahesabiwa pumzi, hajapimwa oksijeni na mapigo ya moyo.

Kwa wanaosoma wakiwa wajawazito: dawa yenu ya kuzuia kuganda ni heparini za sindano kama enoksaparini, ambazo hazivuki kondo la nyuma. Wafarini huvuka na inaweza kumdhuru mtoto tumboni, ingawa baada ya kujifungua mama anayenyonyesha anaweza kuitumia. Rivaroksabani na apiksabani hazishauriwi katika mimba wala katika kunyonyesha.

#8. Mchangiaji

Mkuu, mbona hamtaji vitunguu saumu, tangawizi na mdalasini? Vinasafisha damu na havina madhara. Babu yangu ametumia miaka yote.

#9. Mwanzisha uzi

Ndugu, vitunguu saumu ni chakula kizuri na sina ugomvi nacho jikoni. Lakini hakuna chakula kinacholifikia donge lililokwama kwenye ateri ya mapafu likaliondoa, na mgonjwa niliyemweleza hapo juu asingeweza hata kumeza. Tena hayo ya kunywa kwa wingi kila siku yanaweza kuzidisha kuvuja damu kwa mtu aliye kwenye wafarini. Naomba kwa dhati: ukimwona mtu ameanguka, anahema na presha imeshuka, usimchemshie kitu. Tafuta gari.

#10. Mchangiaji

Je, donge haliwezi kutolewa kwa upasuaji? Tunasikia nje ya nchi wanapitisha mrija hadi kwenye mapafu na kulivuta.

#11. Mwanzisha uzi

Linaweza, na historia yake inanigusa kuliko sehemu nyingine yoyote ya fani hii.

Mwaka 1908 huko Leipzig, Friedrich Trendelenburg alijaribu kufungua kifua na kulitoa donge. Wagonjwa wake hawakupona. Ilichukua hadi mwaka 1924 ndipo Martin Kirschner, huko Königsberg, akamtibu mgonjwa kwa njia hiyo akaishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, katika Hospitali Kuu ya Massachusetts mjini Boston, daktari kijana aitwaye John Gibbon alipangiwa kukesha na mwanamke aliyepatwa na donge la mapafu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo. Kazi yake usiku kucha ilikuwa kumpima presha na mapigo ya moyo, kwa sababu upasuaji wa kulitoa donge ulikuwa wa hatari mno kiasi kwamba ulifanywa pale tu mgonjwa alipokuwa anakata roho. Asubuhi presha ilipopotea, bosi wake alimfungua kifua kwa dakika chache, akayatoa mabonge, lakini mwanamke yule alikufa. Gibbon hakuweza kuusahau usiku ule. Aliwaza kwamba kama kungekuwa na namna ya kuitoa damu nyeusi nje ya mwili, kuitia oksijeni na kuirudisha, yule mama angeishi. Akahangaika na wazo hilo kwa zaidi ya miaka ishirini, akiwa bega kwa bega na mkewe Mary, hadi Mei 6, 1953, huko Philadelphia, mashine yake ilipofanya kazi ya moyo na mapafu ya msichana wa miaka 18 wakati tundu la moyo wake likizibwa. Kila upasuaji unaofanywa moyo ukiwa umesimamishwa, popote duniani, una deni kwa mwanamke yule wa Boston.

Leo upasuaji huo hufanyika kwa mgonjwa wa hatari kubwa ambaye hawezi kupewa dawa ya kuyeyusha, kwa mfano aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa kichwa, au ambaye amepewa na haikusaidia. Njia ya mrija, yaani katheta, hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi ateri ya mapafu, na huko donge hufyonzwa au humwagiwa dozi ndogo ya dawa palepale. Hospitali ileile ya Boston ilianzisha mwaka 2012 timu maalumu inayoitwa kwa simu moja, ikiwa na mtu wa moyo, wa mapafu, wa dharura na wa upasuaji, ili waamue pamoja ndani ya muda mfupi. Kwetu maabara za katheta za moyo zipo Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko, ila vifaa vya kufyonza donge la mapafu ni ghali, na mtaalamu wake awepo usiku wa manane. Katika wodi nyingi za kwetu, silaha iliyopo ni dawa ya mshipani, na kama imepatikana kwa wakati ni silaha kubwa.

#12. Mchangiaji

Baada ya kutoka hospitali, dawa zinatumika kwa muda gani? Mume wangu yuko kwenye wafarini na sasa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu.

#13. Mwanzisha uzi

Dada, tafadhali rudi kliniki wiki hii, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Rifampisini, iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu, inaliamsha ini livunje wafarini kwa kasi, hivyo kipimo cha INR (kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani) kitashuka na damu itaanza kuganda tena ilhali anameza kidonge chake kila siku. Atahitaji kupimwa mara kwa mara na huenda dozi ikapandishwa sana. Hatari ya pili inakuja mwishoni: siku akimaliza dawa za kifua kikuu, ini linatulia taratibu, na dozi ile kubwa inaweza kumvujisha damu. Kwa hiyo apimwe kwa karibu mwanzoni na mwishoni pia. Kuhamia rivaroksabani au apiksabani si suluhisho, kwa maana rifampisini inazipunguza nazo.

Muda wa chini ni miezi mitatu kwa kila mgonjwa. Aliyepatwa kwa sababu inayojulikana na iliyokwisha, kama hogo au upasuaji, mara nyingi husimamisha hapo. Aliyepatwa bila sababu, au mwenye saratani, huendelea. Anayetumia wafarini anatakiwa INR yake iwe kati ya 2 na 3. Mboga za majani asikatazwe. Ninasikitika kukutana na watu walioacha mchicha na kisamvu kabisa kwa kuogopa vitamini K, na kumbe kinachotakiwa ni kula kiasi kilekile wiki hadi wiki ili dozi ilingane na chakula. Asinunue diklofenaki wala ibuprofeni duka la dawa bila kuuliza.

Na baada ya miezi mitatu, akiwa bado anahema kwa kupanda ngazi chache, asiambiwe ni uzee. Wagonjwa wachache, wanaokadiriwa kuwa 2 hadi 4 katika kila 100, donge lao haliondoki bali hugeuka kovu ndani ya ateri na kuuelemea moyo wa kulia polepole. Eko ndiyo huanza kulifichua. Dereva wetu alifanyiwa eko mwezi wa nne, moyo wake umerudi saizi yake, na amerudi barabarani, ingawa sasa husimamisha lori kila baada ya saa mbili na kulizunguka kwa miguu.

#14. Mchangiaji (afisa tabibu)

Niko kituo cha afya. Sina CT, sina eko, sina alteplasi. Hospitali ya rufaa ni mwendo wa saa nne kwa barabara ya vumbi. Uzi huu unanisaidia nini?

#15. Mwanzisha uzi

Mwenzangu, wewe ndiye niliyekuwa nakuwaza nilipoanza kuandika.

Una macho, mashine ya presha, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Mtu aliyeishiwa pumzi ghafla, mapafu safi, mapigo yanakimbia, shingo imetuna, na nyuma yake kuna hogo, uzazi, upasuaji, saratani, safari ya siku nzima kwenye basi au mguu mmoja uliovimba: mshuku. Mpe oksijeni. Usimjaze maji. Kama una noradrenalini au adrenalini na mtu wa kuisimamia, ishikilie presha. Ikiwa shaka yako ni kubwa na hana dalili ya kuvuja damu, mpe heparini ya mshipani uniti 80 kwa kila kilo, na kama huna, enoksaparini miligramu 1 kwa kila kilo chini ya ngozi, uwe umempigia simu daktari wa hospitali ya rufaa mkakubaliana. Usingoje afike kule. Katika saa nne za barabara, donge la pili linaweza kuchomoka, na hiyo sindano ndiyo inayomkinga.

Alazwe kwenye gari bila kutembezwa, hata kama anasema anaweza kutembea hadi mlangoni. Muuguzi apande naye pamoja na mtungi wa oksijeni uliohakikiwa kwamba umejaa. Na kwenye barua ya rufaa, juu kabisa, andika kwa kalamu nzito jina la dawa uliyompa, dozi yake na saa uliyoichoma, kwa sababu daktari atakayempokea akitaka kumpa dawa ya kuyeyusha ataanza kuhesabu kutoka saa hiyo.